Kabla Hujaishusha Giaboksi: Kuchunguza Otomatiki ya Prado Kuukuu Hapa Mombasa

Mzee mmoja jirani yangu hapa Mikindani aliamka siku moja akakuta Prado yake haiendi mbele wala nyuma. Injini yawaka vizuri, akitia D inanguruma tu, akitia R vilevile. Fundi aliyeitwa hakuchukua dakika tano: giaboksi imekwisha, ishushwe, itafutwe nyingine ya Japani. Bei ikatajwa papo hapo. Mzee akaja kwangu, na hakuja kutaka ushauri, alikuja kukopa. Nikasema ngoja nilitazame gari kwanza, halafu nitazame mfuko. Kile kigongo kifupi cha transfa, yaani kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, pale pembeni ya gia, kilikuwa kwenye N. Mjukuu wake alishinda ndani ya gari jana yake akicheza udereva. Nikakirudisha H, gari likaondoka.

Sisemi mafundi wetu hawajui kazi. Wapo Mombasa hii ambao gari likipita tu wanakwambia krosi ya propela, kiungo cha ule mhimili unaozunguka chini ya gari, imelegea. Lakini otomatiki huwatia wengi uvivu: kuitoa nzima ni rahisi kuliko kuihoji. Mwongozo huu ni wa kuihoji, tukianza na maswali yasiyogharimu hata shilingi. Nimeuandika nikifikiria magari yaliyojaa hapa: Prado ya umbo la 90, Surf, Land Cruiser 80, za miaka ya 90 hadi mwanzoni mwa 2000, zenye gia nne na kijiti cha kupimia oili. Pajero na Patrol vipimo vyake ni vingine, ila mpango wa kutafuta ni huu huu.

Andika kwanza gari linalalamikia nini

Chukua karatasi. Tatizo hutokea asubuhi likiwa baridi, au baada ya kukaa foleni ya feri Likoni? Gia zote au moja? Mbele tu, au na nyuma pia? Lilianza ghafla au limekuwa likizidi mwezi baada ya mwezi? Na swali ambalo watu husahau: nini kilifanyika kabla? Aliyebadilisha rejeta wiki iliyopita, aliyevuta boti kutoka majini, aliyepita kwenye maji ya mvua ya Aprili yakafika mlangoni, aliyeongezewa oili na kijana wa petroli stesheni. Hawa wote nusu ya jibu wanayo tayari.

Halafu hakikisha lawama inakwenda panapostahili. Kwenye Prado ya 90 transfa ina H, HL, N na LL. Ikiwa N, au imekwama kati ya nafasi mbili, gari haliendi hata giaboksi iwe mpya. Dashibodini kuna taa ya "A/T P". Ikiwaka wakati gia iko P, gari linakuonya kwamba transfa iko N na P haishiki magurudumu. Hilo si jambo dogo ukiwa umeegesha kwenye mteremko, kwa hivyo handibreki iwe nzima kabla hujaanza kupima chochote.

Mlio wa "tok" mmoja ukitia D au R mara nyingi ni krosi ya propela au maunti ya giaboksi iliyopasuka. Ingia chini, gari limezimwa na matairi yamewekewa mawe, ushike propela uizungushe kwa mkono kushoto na kulia. Krosi iliyolika utaiona ikicheza.

Oili: hapa usiwe na haraka

Ningelazimishwa kufanya kipimo kimoja tu, ningefanya hiki. Otomatiki hutumia oili kusukuma, kupoza, kulainisha na kuamua. Oili ikipungua au ikiharibika, kila kitu kitaonekana kimekufa.

Watu wengi huipima kama oili ya injini, gari limezimwa, na hapo ndipo wanapokosea. Endesha gari mpaka lipate moto sawasawa, egesha mahali tambarare, injini iendelee kuwaka, kanyaga breki, upitishe gia polepole kutoka P hadi L kisha uirudishe P. Sasa chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena. Kina alama mbili: COOL na HOT. Ya kuamini ni HOT, oili ikiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80 hivi. COOL ni ya kukisia tu unapojaza mara ya kwanza.

Kwa hali yetu ya Mombasa kuna jambo moja zaidi. Ukitoka kwenye msongamano wa Changamwe mchana wa Februari, kaskazi imelala na lami inatoa mvuke, oili imevimba kwa joto na kijiti kitakudanganya kwamba imezidi. Lipumzishe gari kama nusu saa ndipo upime. Nimeshaona mtu akipunguza oili kwa kipimo cha mchana wa jua, kesho yake alfajiri gari likakataa kupanda kilima.

Ikiwa imepungua, basi inavuja mahali, kwa sababu otomatiki hailambi oili kama injini kuukuu. Tazama gasketi ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, sili ya nyuma, na hasa yale mabomba membamba ya chuma yanayopeleka oili kwenye rejeta. Chumvi ya bahari huyala polepole kutoka nje, penye kishikizo chake ambapo unyevu hukaa. Gari linalovuka feri kila siku huogeshwa chumvi chini, na wenyewe huosha juu tu.

Ikiwa imezidi, shida ni nyingine: vyuma vinavyozunguka vinaipiga povu, povu halibani kitu, gia zinaanza kuteleza, na oili hutokea kwenye kipumulio, kile kitundu cha kupumulia hewa cha giaboksi. Mtu akiona imelowa anadhani inavuja, anaongeza tena.

Baada ya kiasi, tazama sura yake. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Oili njema ni nyekundu, husambaa na kubaki angavu. Ya kahawia imechoka, lakini huenda giaboksi bado ni nzima. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, kama chapati iliyosahauliwa kwenye tawa, ni pleti za klachi zilizoungua; hapo kubadilisha oili hakutazirudisha. Na ikiwa ya waridi yenye utusitusi, kama maziwa yaliyotiwa sharubati ya stroberi, ujue maji yameingia. Zima gari, usiliendeshe hata kufika gereji.

Maji huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni rejeta: kipoza oili cha magari haya kimekaa ndani ya tangi la chini la rejeta, na kikitoboka maji na oili hubadilishana makazi. Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, umeshapata. Ya pili ni kipumulio. Giaboksi yenye moto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi hupoa na kuvuta pumzi, na ikiwa mpira wa kipumulio umechomoka au umepasuka, kinachovutwa ni maji. Wanaoteremsha boti pale Mtwapa kwa Land Cruiser waangalie mpira huo kila mwaka.

Mwisho, aina ya oili. Kijiti chenyewe mara nyingi kimechorwa jina, na nyingi za gia nne zimeandikwa Dexron. Prado za baadaye zenye gia tano hutaka oili ya WS, na hizo nyingi hazina kijiti kabisa. Usikubali "hii ni ya otomatiki zote" mpaka usome kopo mwenyewe.

Taa ya O/D OFF si pambo

Ukibonyeza swichi ya O/D, ile ya kuzuia gia ya nne, taa huwaka na kutulia. Ikiwa inapepesa yenyewe unapoendesha, kompyuta imeona kosa na imelihifadhi. Kulisoma hakuhitaji mashine. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, kifuniko chake kina ramani ya matundu ndani. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya. Acha swichi ya O/D katika hali ya kawaida, washa switi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha hesabu.

Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kosa. Ikipepesa mara nne, ikanyamaza kidogo, kisha mara mbili, hiyo ni 42: sensa ya spidi ya kwanza, na mara nyingi utakuta mshale wa spidi nao umelala. 61 ni sensa ya pili ya spidi, ile iliyo nyuma chini. 62 na 63 ni solenoidi (vali za umeme) mbili za kubadilishia gia, na 64 ni ile ya kufunga konveta, chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi.

Namba hizo zinakutajia njia nzima, waya na soketi pamoja, na pwani yetu hii soketi ndiyo ya kushuku mwanzo. Gari langu mwenyewe lilinitolea 61, nikashauriwa kununua sensa, nikanunua, 61 ikarudi. Nilipokuja kuivua soketi na kuitazama kwa tochi, pini moja ilikuwa na unga wa kijani. Mswaki wa zamani, dawa ya kusafishia umeme, na mafuta ya kuzuia unyevu, mambo yakaisha. Sensa ya zamani ninayo bado kabatini, nzima kabisa. Kwa solenoidi, pima kwa mita: inatakiwa isome kati ya omu 11 na 15. Ikisoma sifuri imeungana, isiposoma kitu imekatika. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike, kisha uone kama namba inarudi.

Kebo na thamostati

Giaboksi nyingi za umri huu zina kebo inayotoka kwenye throtili, mafundi huiita kikidauni. Kazi yake ni kuieleza giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, nayo iongeze presha ya oili. Ikilegea, gia hubadilika mapema na laini mno, pleti zinateleza na kuungua. Ikikaza sana, gia huchelewa na kupiga teke. Mwenzio akanyage mafuta hadi mwisho, injini imezimwa, wewe utazame kituo kidogo kilichobanwa kwenye kebo: umbali wake na mdomo wa mpira uwe kati ya 0 na milimita 1. Kazi ya spana moja, na imeokoa giaboksi nyingi.

Thamostati nayo ina visa vyake. Mafundi wengi wa hapa huitoa na kuitupa, wakisema joto la pwani haliitaki. Lakini kompyuta haikubali kuingiza gia ya nne wala kufunga konveta mpaka maji ya injini yapate moto wa kutosha. Injini isiyo na thamostati, ikienda kasi barabara ya Mariakani alfajiri, inaweza isifike hapo kabisa au ichukue safari ndefu. Mwenye gari analalamika kwamba gia ya nne imekufa. Haijafa, inasubiri.

Toka nalo barabarani

Chagua njia iliyo wazi. Mimi hupenda ile ya Dongo Kundu, ni laini na unaweza kusikiliza. Anza taratibu, mafuta robo. Hesabu mabadiliko: gia ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya nne, halafu konveta inafunga, na mshale wa injini hushuka kidogo mara ya nne kana kwamba kuna gia ya tano. Ukienda kilomita 80 kwa saa bila kubadilisha mguu, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto: mshale ukipanda ghafla kidogo kisha ukirudi, konveta inafunga na kufungua. Usipotikisika, haifungi, na hiyo huleta joto na kunywa mafuta. Mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo, unaokuja konveta ikifunga na kupotea ukigusa breki, mara nyingi ni oili iliyochoka.

Kisha lipe mlima. Njia ile ya kutoka Kombani kupanda Kwale inafaa. Ukikanyaga, injini ikapaa kwa sauti na gari lisisonge, hiyo ni kuteleza. Andika ni gia ipi. Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka, simama pembeni, tia P, na usizime injini. Iache ilie pale pale ili oili iendelee kuzunguka kwenye kipoza mpaka taa izime.

Sasa soma ulichoandika. Mbele hakuna kabisa lakini nyuma ipo: ni klachi ya mbele, ambayo kila gia ya mbele huitegemea. Nyuma inateleza na ya tatu pia inateleza: ni klachi moja inayozihudumia zote mbili. Nyuma haipo, na ukiwa L injini haizuii gari kwenye mteremko: breki ya ndani ya gia ya kwanza na nyuma. Zote zinateleza sawasawa, mbele na nyuma: rudi kwenye oili, chujio na presha kabla ya kulaumu klachi, kwa maana zote haziungui siku moja.

Chomoa waya

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu kinamaliza ubishi kati ya fundi wa umeme na fundi wa giaboksi. Gari limezimwa, chomoa ile soketi kubwa ya waya za solenoidi kwenye ubavu wa giaboksi. Sasa kompyuta haina sauti, mkono wako ndio unaochagua: L itakuwa gia ya kwanza, 2 itakuwa ya tatu, D itakuwa ya nne, na R nyuma kama kawaida. Anza na L, panda 2, kisha D. Panda tu, usishuke kwa mkono ukiwa kwenye kasi.

Gia zote zikishika vizuri namna hii, giaboksi ndani ni nzima. Shida ni umeme, sensa au kompyuta. Zikiteleza vilevile, shida ni ya oili au ya vyuma, na fundi wa umeme arudi nyumbani. Kumbuka kurudisha soketi na kufuta namba, maana kompyuta itakuwa imelalamika.

Kupima kwa saa, na kupima kwa nguvu

Injini imepata moto, handibreki juu, mguu kwenye breki. Toka N tia D huku saa ya simu ikihesabu mpaka uhisi gari likishika. Isizidi sekunde 1.2. Toka N kwenda R isizidi 1.5. Pumzisha dakika moja kati ya kila kipimo, rudia mara tatu, chukua wastani. D ikichelewa na R iko sawa, ni klachi ya mbele. Zikichelewa zote, presha iko chini.

Kipimo cha kukanyaga mafuta yote huku breki imeshika sikipendi kwa gari kuukuu, lakini kinasema kweli. Magurudumu yote manne yawekewe mawe, mtu asisimame mbele wala nyuma, tia D, kanyaga yote kwa sekunde zisizozidi 5, soma mshale wa mizunguko ya injini, achia. Mizunguko ikiwa juu ya ile ya kitabu cha gari lako, kuna kinachoteleza. Ikiwa chini mno mbele na nyuma, injini ni dhaifu au konveta ni mbovu. Hapa ndipo dizeli nyingi hukamatwa: tabo iliyochoka au chujio la hewa lililoziba hulifanya gari liwe zito, na giaboksi ikasingiziwa.

Sampu ndiyo ushahidi

Ukiwa umefika hapa na bado shida ipo, mwaga oili na ushushe sampu. Usishangae ikitoka kidogo, nyingi hubaki ndani ya konveta. Chini utaona sumaku. Matope laini ya kijivu juu yake ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, chembe za rangi ya shaba, au mabaki meusi kama karatasi iliyoungua, hivyo ndivyo vinavyompa fundi ruhusa ya kuishusha giaboksi. Vipige picha na uvihifadhi.

Ukikata shauri kununua nyingine ya Japani, soma kibati cha gari lako penye TRANS/AXLE. Prado ya 90 nyingi zimeandikwa A343F. Jina lifanane, na soketi zifanane, kwa sababu giaboksi ya jina moja huweza kuwa na waya tofauti. Mwambie muuzaji afungue sampu mbele yako kabla hujalipa. Akikataa, ondoka. Na kabla fundi hajaifunga, yale mabomba na kipoza cha ndani ya rejeta vioshwe mpaka itoke oili safi, au rejeta ibadilishwe, kwa maana uchafu wa giaboksi ya zamani umelala humo ukingojea ya pili.